Mzee Müller na Mama Susannah Washika Njia



Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba babu na bibi yetu wanaokaa benchi la pili upande wa dirisha wanataka kusafiri mwezi huu kwenda Uholanzi na Ujerumani. Wanakwenda kuwatembelea waamini wenzetu wanaosali kwa Kiswahili majumbani, wengine bila mchungaji. Babu ana miaka 73 na presha. Bibi ana miaka 68 na goti moja la bandia. Watoto wao hawajafurahi, na wawili wametujia sisi wauguzi wa kanisa wakituomba tuwaeleze wazee, kwa lugha ya hospitali, kwamba safari hiyo haiwafai. Tumekaa na jambo hilo kwa wiki mbili. Kabla hatujasema tulichoamua, tungependa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake mnalijua, ingawa sehemu yake ya mwisho haisimuliwi sana.

Mtu huyo ni George Müller. Tuliofundishwa shule ya Jumapili tunakikumbuka kile kisa cha yatima waliokaa mezani asubuhi mbele ya sahani tupu, mara mwoka mikate akabisha hodi, na gari la maziwa likaharibikia mlangoni. Ndiye huyo. Lakini tukishakisimulia kisa hicho huwa tunamwacha Müller palepale mezani, kana kwamba hakuondoka tena. Kumbe aliondoka. Alipoanza safari zake kubwa mwezi Machi 1875 alikuwa na miaka 69, na mke wake alikuwa pamoja naye.

Turudi nyuma kidogo. Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 huko Kroppenstedt, katika ufalme wa Prusia, ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza ushuru, na kabla mtoto hajatimiza miaka 10 alikuwa amekwisha kuiba fedha za serikali zilizokuwa mikononi mwa baba. Usiku mama yake alipokuwa anakata roho, kijana wa miaka 14 alikuwa akicheza karata, hana habari. Akiwa na miaka 16 alifungwa jela huko Wolfenbüttel kwa sababu alikaa hotelini akala na kulala, kisha akashindwa kulipa. Baadaye alipelekwa chuo kikuu cha Halle kusomea uchungaji, kwa kuwa baba alitaka mwanawe apate riziki nzuri. Mwaka 1825 rafiki alimpeleka kwenye ibada ndogo ya nyumbani, watu wachache wakiimba, wakisoma na kupiga magoti. Hapo ndipo Bwana alipomkamata. Tunawaomba mlikumbuke neno hilo, nyumbani, kwa sababu wale tunaotaka kwenda kuwaona Uholanzi hawana jengo jingine.

Uingereza alifika mwaka 1829 akiwa na miaka 23. Alikuwa mhamiaji kama sisi, Kiingereza chake kikiwa cha kubahatisha na afya yake ikiwa dhaifu. Aliugua London mpaka akadhani anakufa. Alipelekwa Teignmouth, kusini magharibi, apate hewa ya bahari, akapona, na baadaye akarudi huko akihubiri. Mwaka 1830 alimwoa Mary Groves, aliyemzidi umri kwa miaka 8, na mwaka huohuo akaacha kupokea mshahara wa kanisa, kwa sababu ulitokana na desturi ya kukodisha viti vya ibada kwa wenye fedha. Mwaka 1832 wakahamia Bristol, wakaupokea mji ukiwa na kipindupindu. Wakapata binti, Lydia. Mtoto wao wa kiume, Elijah, alifariki mwaka 1835 kabla hajafikisha miaka miwili.

Nyumba ya kwanza ya yatima ilifunguliwa Aprili 1836 katika mtaa wa Wilson, ikiwa na wasichana 26. Kufikia mwaka 1870 yalikuwapo majengo makubwa 5 juu ya kilima cha Ashley Down, yenye nafasi kwa watoto zaidi ya 2,000. Ukipita Bristol leo utayaona, mawe yaleyale, ingawa sasa ni makazi ya watu. Katika maisha yake kama watoto 10,000 walilelewa humo, na hakuna mtu aliyeombwa mchango. Mengine ya miaka hiyo mnayajua.

Februari 1870 Mary alifariki kwa homa ya baridi yabisi, baada ya miaka 39 ya ndoa. Müller mwenyewe alihubiri kwenye mazishi. Mwaka uliofuata, Novemba, alimwoa Susannah Grace Sanger, aliyemfahamu kwa miaka zaidi ya 25 kama dada katika Bwana. Hapa tunaomba ruhusa ya kulalamika kidogo: waandishi wengi wanampa Susannah mistari miwili tu, kama mtu aliyebeba mabegi. Sivyo. Yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu za safari za mwanzo na kuzitoa kitabu mwaka 1883, na mengi tunayoyajua kuhusu safari hizo yametoka kwenye kalamu yake.

Na kuna jambo ambalo sisi wa wodini hatuwezi kulipita. Mwaka 1874, kabla ya safari kuanza, Susannah aliugua homa ya matumbo mpaka akakaribia kufa. Dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo haikuwapo duniani. Ilipatikana zaidi ya miaka 70 baadaye. Kilichokuwapo ni uuguzi mtupu: kumpa maji kidogo kidogo, kumpooza mwili, kumgeuza, kumweka safi, na maombi. Aliyewahi kumwuguza mgonjwa wa homa ya matumbo anajua mwili unavyobaki baada yake, nywele zinavyokatika na miguu inavyotetemeka. Huyo ndiye mwanamke aliyefunga mizigo mwaka uliofuata.

Kazi ya yatima ilikuwa imeshapata mtu wa kuishika. James Wright, aliyemwoa Lydia, alikuwa mkurugenzi pamoja na mkwewe tangu 1872. Hilo nalo linahitaji unyenyekevu. Wazee wangapi tunawajua wanaoshikilia funguo za ofisi mpaka siku ya kulazwa? Müller aliziachia akiwa na nguvu.

Alikwenda kufanya nini? Alitaka kuhubiri Injili kwa maneno rahisi, na kuwasaidia waamini wenye mashaka wapate uhakika wa wokovu wao na kulipenda Neno. Tena alitaka Wakristo wa madhehebu mbalimbali wapendane. Hili la mwisho alilijua kwa maumivu. Mwaka 1848 kanisa lake la Bristol liliingia katika mgogoro mkali na John Nelson Darby, na ndugu waliokuwa wakishiriki meza moja wakagawanyika, kundi moja likakataa kabisa kushiriki na jingine. Sisi tuliokwisha kuona kwaya moja ikizaa makanisa matatu katika mji mmoja wa ughaibuni hatuhitaji kufafanuliwa. Uzeeni Müller alihubiri kwa Wabaptisti, Wamethodisti, Wapresbiteri, Walutheri na wengine wowote waliomfungulia mlango.

Walianza na Uingereza na Uskoti. Mwaka 1876 wakavuka kwenda Uswisi, Ujerumani na Uholanzi, ndiyo, nchi zilezile ambazo babu na bibi wanazitaka. Agosti 1877 wakapanda meli kwenda Quebec, wakakaa Kanada na Marekani karibu mwaka mzima, wakaenda kwa treni mpaka California. Huko Washington walikaribishwa na Rais Hayes na mkewe katika Ikulu, Januari 1878. Hilo ndilo linalotajwa zaidi, ila sisi linatugusa jingine: huko Marekani alikuwa akiwatafuta Wajerumani. Walikuwa maelfu, wamehamia kutafuta maisha, na katika miji mingi walikuwa na makanisa yao madogo. Müller alisimama mbele yao akahubiri kwa lugha ya mama zao. Yeye alikuwa ameishi karibu miaka 50 akihubiri kwa Kiingereza. Mliowahi kukaa miezi bila kusikia sala ya Kiswahili, kisha mgeni akafungua kinywa na kuomba, mnajua kinachotokea kifuani.

Marekani walirudi mara mbili zaidi kabla ya katikati ya 1881. Kisha Misri, Palestina, Syria, Uturuki na Ugiriki, kisha Urusi, kisha India. Mwaka 1885 wakaondoka tena, Australia, China na Japani. Alihubiri kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na kwingine kwa mkalimani. China aliwakuta wamisionari ambao kwa miaka mingi fedha kutoka Bristol zilikuwa zikiwategemeza. Pwani yetu ya Afrika Mashariki hawakufika. Kwa jumla safari hizo zilichukua miaka 17, nchi 42, na kama kilomita 320,000, bila ndege hata moja.

Sasa habari ya fedha, maana najua imo vichwani mwa wengi, nasi tuiseme waziwazi. Sisi tulioko ughaibuni tukipigiwa simu kwamba mgeni wa kanisa anakuja, mkono huenda kwenye pochi kabla ya kwenda kwenye birika la chai. Tumechoshwa na bahasha, na hatuwezi kulaumiana kwa hilo. Müller hakuzunguka kuchangisha. Angeweza, maana jina lake lilitosha kujaza kapu la yatima katika mji wowote wa Marekani. Hata mapato ya Bristol yaliposhuka wakati yuko mbali, na watu wakamshauri arudi kwa kuwa kutokuwapo kwake ndiko kulikoleta upungufu, aliendelea. Fedha alizopewa yeye binafsi aligawa nyingi kuliko alizobaki nazo, zaidi ya paundi 80,000 katika maisha yake. Alipofariki, mali yake yote, samani na vitabu vikiwamo, haikufika paundi 170.

Hatutaki mdhani kwamba zilikuwa safari za raha. Huko India, Müller akiwa na miaka zaidi ya 80, joto la Calcutta lilimwangusha. Daktari alimtaka aondoke mara moja, wakapanda treni kuelekea milimani, Darjeeling, na ndani ya behewa Susannah aliogopa kwamba mumewe anamfia njiani. Alipona. Kama tungekuwa zamu siku ile, tungemwandikia arudi nyumbani na asitoke tena, na kitabibu tusingekosea.

Kisha ikaja Januari 1890. Walikuwa bado India, huko Jabalpur, habari ilipomfikia kwamba Lydia amefariki Bristol. Alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki. Alikuwa na miaka 57, na karibu miaka 30 ya maisha yake aliitumia kwenye nyumba za yatima bila kulipwa. Baba hakuwapo kitandani wala kaburini. Watoto wa babu na bibi wanaogopa wazazi wataugua mbali nao. Sikilizeni basi na upande huu mwingine, mzee ndiye aliyekuwa mbali na mtoto akatangulia. Katika kusanyiko letu ni nani hajapokea simu ya namna hiyo, usiku, kabla ya zamu? Hatuna maneno ya kulainisha jambo hilo, na Müller hakujifanya kwamba haliumi. Waliacha kazi ya India wakarudi kumwona Wright, mjane mwenzake katika huzuni. Halafu wakatoka tena, Ujerumani, Uswisi, Austria na Italia, mpaka Mei 1892, mzee akiwa na miaka 86.

Susannah alitangulia kufariki, na kwa mara ya pili Müller akaongoza mwenyewe mazishi ya mkewe. Jioni ya tarehe 9 Machi 1898 aliongoza maombi kwenye nyumba ya yatima. Asubuhi mhudumu alipompelekea chai alimkuta sakafuni karibu na kitanda, amekwisha kwenda. Alikuwa na miaka 92. Maelfu walisimama barabarani Bristol kumsindikiza mpaka makaburi ya Arnos Vale, wakamlaza pamoja na wake zake wawili. Uzeeni alikuwa amesema kwamba ana nguvu kuliko alivyokuwa kijana, na alizihesabu sababu tatu: dhamiri safi, kulipenda Neno, na furaha katika kazi ya Mungu. Kipimo cha presha hakimo katika orodha hiyo, nasi tunakiongeza.

Basi, tulichowajibu watoto ni hiki. Hatutawakataza wazee. Tumempima babu presha kwa siku 10 mfululizo, na daktari wake amebadilisha dozi moja. Wataenda kwa treni, si kwa ndege, ili bibi aweze kuinuka na kunyoosha goti kila saa. Dawa za wiki 5 zitakaa kwenye mkoba wa mkononi, na orodha yake nakala mbili, moja kwa kila mmoja. Bima ya safari imelipwa na binti yao mkubwa, yuleyule aliyekuwa amekataa zaidi. Wataanza na familia nne zinazosali pamoja Uholanzi, ambazo zimeomba jambo moja tu, waletewe vitabu vya nyimbo vya Kiswahili. Sanduku liko mlangoni mwa kanisa. Mwenye kitabu cha ziada akiweke humo Jumapili hii. Na anahitajika mtu mwenye gari wa kuwapeleka stesheni Ijumaa saa 11 alfajiri, asiwe anatoka zamu ya usiku.