J. R. R. Tolkien: Mwanaisimu Aliyependa Majoka

Miongoni mwa wasomi wa lugha wa karne ya 20, ni wachache walioyapenda masimulizi ya majoka na mashujaa kwa dhati kama John Ronald Reuel Tolkien. Wachache zaidi walithubutu kuupeleka upendo huo katika ukumbi wa mihadhara. Jina lake lilienea mno baada ya filamu tatu zilizotokana na kazi yake kuonyeshwa kati ya mwaka 2001 na 2003, na pengine sifa hizo za sinema zimewasahaulisha wengi kwamba kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha sarufi na fasihi ya Kiingereza cha Kale.

Alizaliwa barani Afrika, katika mji wa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, babake akiwa meneja wa benki. Mwaka 1895 mamake, Mabel, alimpeleka Uingereza pamoja na nduguye Hilary. Baba alibaki kazini, na mwaka uliofuata akafariki kabla ya kuwaona tena. Mama huyo mjane ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa wanawe. Alimfundisha Ronald Kilatini, akampa na vitabu vya ngano vilivyohaririwa na Andrew Lang. Humo mtoto alikutana na Sigurd, shujaa wa Kaskazini aliyemuua joka Fafnir, na tangu hapo moyo wake ukatekwa. Alipokuwa na umri wa takriban miaka saba alitunga kisa chake mwenyewe cha joka. Mama alikisoma asikosoe lolote kuhusu joka, ila mpangilio wa vivumishi: kwa Kiingereza ukubwa hutangulia rangi. Mtoto alitaka kujua kwa nini iwe hivyo. Swali hilo la kisintaksia, lililozuka ndani ya hadithi ya joka, ndilo aliloishi nalo maisha yake yote.

Mabel alifariki mwaka 1904 kwa ugonjwa wa kisukari, miaka mingi kabla ya insulini kugunduliwa. Mayatima hao wawili walilelewa chini ya usimamizi wa Padre Francis Morgan mjini Birmingham. Shuleni Tolkien alijifunza Kigothi kwa hiari yake, akaanza kubuni lugha, na karibu na mwaka 1911 akaisoma Kalevala, utendi wa Wafini, katika tafsiri ya Kiingereza. Kati ya mashujaa wake wote alivutiwa zaidi na Kullervo, kijana yatima aliyeuzwa utumwani, akaandamwa na mikosi asiyoielewa, na mwishowe akajiua kwa upanga wake. Si ajabu kwamba yatima alimpenda yatima.

Tafsiri haikumtosha. Alipoingia Oxford aliazima kitabu cha sarufi ya Kifini, akajaribu kuusoma utendi huo katika lugha yake. Gharama yake ilikuwa wazi: masomo ya Kigiriki na Kilatini yalizorota, na mwaka 1913 akapata daraja la pili tu. Alihamia masomo ya Kiingereza, akafuzu kwa daraja la kwanza mwaka 1915. Wakati huohuo alikuwa amekwisha kuanza kukisimulia upya kisa cha Kullervo, na sauti za Kifini zikawa chemchemi ya Quenya, lugha ya kwanza kati ya lugha kuu mbili alizowabunia viumbe wake. Ya pili, Sindarin, ilichota kutoka kwa Kiwelisi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta akiwa ameoa majuzi. Alifika Ufaransa Juni 1916 kama afisa wa mawasiliano. Kati ya marafiki watatu wa shuleni waliokuwa wasomaji wake wa kwanza, Robert Gilson aliuawa tarehe 1 Julai, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, na Geoffrey Smith akafa Desemba. Tolkien aliokolewa na chawa: homa ya mahandaki, inayoenezwa na wadudu hao, ilimrudisha Uingereza Novemba. Alipokuwa akipata nafuu aliandika kisa cha kuanguka kwa Gondolin, mji uliofichwa na kisha kusalitiwa. Majoka yake sasa yalikuwa yamepitia vitani.

Baada ya kuifanyia kazi kamusi kuu ya Oxford, ambako alichunguza asili ya maneno yanayoanza kwa herufi W, alifundisha Leeds kuanzia 1920, na mwaka 1925 akawa profesa Oxford. Huko alianzisha chama cha wahadhiri waliokutana kuzisoma saga za Kiaislandi katika lugha asilia. Idara ya Kiingereza ilikuwa imegawanyika: wanalugha upande huu, wanafasihi upande ule. Tolkien aliupinga mgawanyiko huo kwa ukaidi, akaendelea kuulalamikia hadi hotuba yake ya kuaga mwaka 1959. Kwake, neno lililotengwa na masimulizi lilikuwa mfupa mkavu, na masimulizi yaliyosomwa bila kuijua lugha yake yalikuwa uvumi.

Hoja hiyo ilipata nguvu kamili tarehe 25 Novemba 1936, alipohutubia taasisi ya wasomi mjini London kuhusu Beowulf. Wahakiki wengi waliuthamini utendi huo kama ghala la historia, wakiona haya kwamba katikati yake pamejaa mazimwi na joka. Tolkien alishikilia kwamba mazimwi ndiyo kiini. Adui wa kawaida hushindwa na mambo yakaisha, ila zimwi na joka humkabilisha shujaa na giza lile linalomsubiri kila mwanadamu. Beowulf anamuua joka na yeye mwenyewe anakufa, na hapo ndipo ulipo ukuu wa utungo. Msomaji aliyelelewa na Fumo Liyongo, jabali aliyeuawa kwa sindano ya shaba, hawezi kuiona hoja hiyo kuwa ngeni. Mhadhara huo uliugeuza mkondo wa uhakiki wa Beowulf.

Riwaya zake zilitoka pembezoni mwa kazi hiyo. The Hobbit, iliyochapishwa 1937, ilianzia kwenye ukurasa mtupu ulioachwa na mtahiniwa mmoja, Tolkien alipokuwa akisahihisha mitihani ili kujiongezea kipato. The Lord of the Rings ilifuata 1954 na 1955, na baadhi ya wahakiki waliidharau kama burudani ya watoto. Joka la The Hobbit lina undugu wa wazi na lile la Beowulf. Naye Túrin, shujaa wake mwenye mikosi kuliko wote, amebeba damu ya Sigurd na ya Kullervo.

Mkewe Edith alifariki Novemba 1971. Tolkien alimfuata tarehe 2 Septemba 1973, akazikwa kando yake Oxford. Chini ya majina yao jiweni yamechongwa mengine mawili kutoka katika masimulizi aliyoyaanza wakati wa vita: Lúthien, binti aliyeuacha uhai usio na mwisho kwa ajili ya mwanadamu, na Beren, mwanadamu huyo.