Michael Larson: Muuza Aiskrimu Aliyeikamua CBS kwa Deki ya Nyumbani

Wadau, leo siasa pembeni. Kuna jamaa mmoja nimekuwa nikimfuatilia mtandaoni kwa muda, na kila nikimsimulia mtu kijiweni anadhani natunga. Situngi. Anaitwa Paul Michael Larson, Mmarekani, aliyezaliwa tarehe 10 Mei 1949 katika mji wa Lebanon, jimbo la Ohio (siyo Lebanon ya Beirut, msichanganye). Alifariki mwaka 1999. Kama wewe ni mtu wa kuchimba vipindi vya zamani YouTube, huenda umeshamwona: mzee wa ndevu, koti la kijivu, anabonyeza kitufe na kurusha mikono juu kama kafunga goli.

Siyo msanii wala mwanasiasa. Alikuwa fundi wa viyoyozi na dereva wa gari la kuuza aiskrimu mitaani. Lakini siku moja ya Mei 1984 aliikamua televisheni kubwa ya Marekani, CBS, zaidi ya dola 110,000, bila bunduki wala kuingia ofisini kwao usiku. Silaha yake ilikuwa deki ya video. Na CBS wakaficha mkanda wa siku ile karibu miaka 20.

Tuanze mwanzo. Larson alikuwa mtoto wa mjini tangu akiwa shule. Wenzake wanasoma, yeye anaingiza chokoleti kwa magendo na kuziuza darasani. Alipokua dili zikakua. Benki ilitangaza kuwa atakayefungua akaunti mpya anapewa zawadi ya fedha taslimu, jamaa akafungua akaunti, akachukua chake, akafunga, akarudi na jina jingine. Kuna wakati alianzisha kampuni hewa, akajiajiri mwenyewe, akajifukuza kazi mwenyewe, halafu akaenda kudai mafao ya watu waliopoteza ajira! Hapo ndipo utajua tunaongea na mtu wa aina gani. Akili nyingi, uvivu hana, ila kazi ya kawaida haimkai kichwani kabisa.

Muda uliobaki alikuwa mbele ya TV. Alijaza televisheni kibao ndani, anaangalia chaneli tofauti kwa wakati mmoja, anawinda mchongo. Matangazo, promosheni, michezo ya zawadi, vyote vinampita machoni mchana na usiku. Waliokuwa wakiishi naye waliona ni ukichaa. Mimi naona alikuwa kazini.

Septemba 1983 CBS wakaanzisha mchezo unaoitwa Press Your Luck, mwendeshaji Peter Tomarken. Kwa ambao hamjauona, ni hivi: washiriki watatu wanajibu maswali, kila jibu sahihi linakupa haki ya kuzungusha ubao. Ubao una visanduku 18 vimezunguka kama fremu ya picha. Ndani ya visanduku kuna fedha, zawadi, au kikatuni chekundu kinachoitwa Whammy. Taa inaruka kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa kasi, unabonyeza kitufe, ikisimama penye fedha umekula. Ikisimama penye Whammy, kale kakatuni kanatokea kwenye skrini kanacheza na kufuta kila ulichokusanya. Ukipata Whammy nne unatolewa kabisa. Kila mtu aliyekaa pale aliamini ni bahati tupu, na jina la mchezo lenyewe linasema hivyo hivyo.

Larson hakuamini. Alirekodi vipindi kwenye deki, halafu akawa anavirudisha nyuma na kusimamisha picha, fremu kwa fremu. Baada ya wiki kadhaa akagundua siri ambayo hata CBS wenyewe hawakuipa uzito: taa ile hairuki ovyo. Ina njia tano tu, zinajirudia siku zote. Tena kuna visanduku viwili, namba 4 na namba 8, ambavyo havikai Whammy hata siku moja. Na katika raundi ya pili, visanduku hivyo viwili vinatoa fedha PAMOJA na mzunguko mwingine wa bure. Mmeelewa hapo? Kila ukizungusha unarudishiwa mzunguko wako. Mtu anayeweza kusimamisha taa kwenye 4 na 8 anaweza kucheza mpaka studio ifungwe. Jamaa akazikariri njia zote tano, akafanya mazoezi nyumbani kwa kubonyeza rimoti ya deki kama ndiyo kitufe.

Hapa niweke jambo moja pembeni kidogo. Mwaka huohuo, tarehe 17 Januari 1984, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Sony na Universal. Kampuni za filamu zilitaka deki ihesabiwe kama chombo cha wizi wa kazi zao. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema hapana, mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akiangalie baadaye siyo kosa. Kwa hiyo alichokuwa akifanya Larson sebuleni kilikuwa halali kabisa, kwa tofauti ya kura moja. Sauti moja tu ingehamia upande wa pili, wapenzi wote wa vipindi vya zamani leo tungekuwa na habari nyingine.

Mei 1984 akachukua vijisenti vyake vya mwisho, akapanda ndege kwenda Los Angeles, akavaa shati la mtumba, akaenda kwenye usaili. Katika waliomhoji mmoja alimtilia shaka, lakini mwenzake mwenye cheo kikubwa alimpenda. Muuza aiskrimu kutoka Ohio, nani atamwogopa? Akapitishwa. Kipindi kikarekodiwa tarehe 19 Mei.

Raundi ya kwanza, mzunguko wake wa kwanza, akapigwa Whammy! Alimaliza raundi ile akiwa wa mwisho na dola 2,500. Ningekuwa mimi ningeomba maji ya kunywa. Yeye akatulia, mikono ikazoea kitufe. Raundi ya pili ilipoanza, ikawa 4, 8, 4, 4, 8... zaidi ya mara 30 mfululizo bila Whammy hata moja. Elfu kumi. Elfu ishirini. Elfu hamsini. Tomarken haelewi kinachoendelea, wapinzani wawili pembeni wamegeuka watazamaji, watu wa chumba cha mitambo wanapigiana simu. Utaratibu wa CBS ulikuwa kwamba mshindi akipita dola 25,000 anaondoka na chake, harudi tena, maana hawakutegemea mtu apite mbali kiasi hicho. Jamaa akafika 102,851 ndipo akasimama, mizunguko iliyobaki akampa mpinzani. Nadhani uchovu ulishamwingia, kwani kukodolea macho taa ile kwa muda wote ule siyo mchezo.

Ila kwa kanuni za mchezo mpinzani naye anaweza kukurushia mizunguko yake, na ukirushiwa lazima uicheze. Akarushiwa. Hapo muda ulimponyoka kidogo, taa ikasimama kwenye kisanduku ambacho hakukilenga. Kingeweza kuwa Whammy na laki nzima iende na maji! Kikatoka safari ya Bahamas. Jumla, fedha na zawadi: dola 110,237. Kwa wakati ule hakuna aliyewahi kuondoka na nyingi hivyo kwa siku moja kwenye mchezo wa televisheni Marekani.

CBS walikataa kulipa mwanzoni. Wakaukagua mkanda, wakakuta ni visanduku vilevile viwili vinarudi. Wakatafuta kanuni aliyoivunja, hawakuiona. Ubao wameutengeneza wao, njia tano wameziweka wao, vipindi wamevirusha wao hewani kila mtu avione. Wakalipa. Hapa nasema wazi, wanaomwita mwizi kwa siku hii siwaelewi. Mwanafunzi akikariri kitabu kizima na kupata mia kwa mia, kaiba nini? Baadaye ubao ukapangwa upya kwa njia 32, ili asitokee Larson wa pili.

Mchezo ulikuwa mrefu mno kwa nusu saa, ikabidi waukate vipande viwili, vikarushwa Ijumaa tarehe 8 na Jumatatu tarehe 11 Juni 1984. Halafu kimya. CBS waliona aibu. Press Your Luck yenyewe ikaisha Septemba 1986, na ilipopelekwa kwenye chaneli ya kebo ya USA Network kuonyeshwa marudio kuanzia 1987, vipande viwili vya Larson vilirukwa. Ulikuwa unaweza kuangalia marudio miaka yote ile na usijue jambo kubwa kuliko yote lililowahi kutokea kwenye mchezo huo.

Na yeye mwenyewe? Jamani, hapa ndipo moyo unauma. Fedha nyingine aliziingiza kwenye mradi wa nyumba uliokuwa utapeli. Kisha redio moja ikatangaza bahati nasibu: atakayeleta noti ya dola moja yenye namba watakayoisoma hewani, anapewa dola 30,000. Mtu wa kawaida anasikiliza na kucheka. Larson akaenda benki, akachukua makumi ya maelfu ya dola kwa noti za dola moja moja, akazileta nyumbani kwenye mifuko, akawa anazihesabu usiku na mchana kutafuta namba. Usiku mmoja wa msimu wa Krismasi wakatoka kwenda kwenye sherehe. Kurudi, vibaka wamepita na makumi ya maelfu ya dola. Akamshuku mpaka mwanamke aliyekuwa akiishi naye, na nyumba ikavunjika. Noti ya bahati hakuipata.

Katikati ya miaka ya 1990 akaingia kwenye mchezo wa kuuza hisa za bahati nasibu isiyokuwepo. Wasomaji wa Bongo wanaokumbuka kupanda na kuvuna mbegu mwaka 2009 wanajua vitu hivi vinavyoishia. Maelfu ya watu waliliwa fedha zao. Huyu siyo tena yule wa kitufe. Kule aliishinda kampuni kubwa kwa kanuni zake yenyewe, huku aliwalia watu wadogo kama yeye. Sina cha kumtetea. Vyombo vya sheria vilipoanza kumtafuta akakimbia Ohio, akajificha Florida, na huko saratani ya koo ikammaliza tarehe 16 Februari 1999 katika mji wa Apopka. Alikuwa na miaka 49, na mkanda wake bado ulikuwa kabatini.

Sasa msiojua habari za chaneli hizi, Desemba 1994 ilianzishwa Marekani chaneli ya kebo ya michezo ya zamani tu, Game Show Network. Watu walicheka, nani ataangalia maswali ambayo majibu yake yanajulikana? Kumbe wapo wengi. Na wana hasira ya haki, kwa sababu stesheni kubwa zilifuta mikanda ya zamani ili zirekodie vitu vingine juu yake. Jeopardy! ya kwanza ya NBC, iliyoendeshwa na Art Fleming kuanzia 1964 hadi 1975, sehemu kubwa haipo tena duniani. Mkanda mtupu ulikuwa na thamani kuliko kilichomo. Ndiyo maana mtu aliyerekodi nyumbani kwa deki, hata picha ikiwa na chenga, ameokoa kitu ambacho mwenye mali mwenyewe alikitupa.

Game Show Network ndio waliofungua kabati la Larson. Tarehe 16 Machi 2003 walirusha kipindi cha saa mbili kuhusu kashfa ile, Tomarken mwenyewe akiwa mwongozaji, na kikawa miongoni mwa vilivyotazamwa sana katika historia ya chaneli hiyo. Wakawaita wapinzani wawili wa 1984, wakawakalisha kwenye mchezo mpya na... ndugu wa damu wa marehemu! Tomarken naye alifariki 2006 katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha kwa kujitolea, kwenda kumchukua mgonjwa. Mwaka 2015 ikaja chaneli nyingine ya aina hiyo, Buzzr, na 2024 ikatoka filamu, The Luckiest Man in America. Vipande vya siku yenyewe vimezagaa YouTube, vingine vina kelele za mkanda zinazoonyesha kabisa vimetoka sebuleni kwa mtu.

Kwa wanaolipia dakika za mtandao, msianze mwanzo. Nendeni moja kwa moja raundi ya pili. Usiangalie ubao, angalia uso wake. Mshiriki wa kawaida akibonyeza anasubiri kuona kimetoka nini, ndipo afurahi au alie. Larson anaanza kushangilia kabla macho yako hayajaisoma namba.