Lomami Tshibamba, mwanaseminari aliyeandika juu ya mamba na walozi

Mwaka 1948, kwenye mashindano ya uandishi ya maonyesho ya kikoloni mjini Bruxelles, zawadi ya kwanza ilimwendea Mkongomani. Jina lake Paul Lomami Tshibamba, na kitabu chake kiliitwa Ngando, maana yake mamba kwa Kilingala. Kilichapwa huko huko Bruxelles mwaka ule, na Gaston-Denys Périer, Mbelgiji aliyepigania sana sanaa na maandishi ya Congo, akakiandikia dibaji. Hapo Wabelgiji walikuwa wanatawala bado, na Mkongomani aliyechapisha riwaya kwa Kifaransa alikuwa jambo la kushangaza.

Lomami Tshibamba alizaliwa mwaka 1914 Brazzaville, ng'ambo ya mto. Baba yake alikuwa Muluba wa Kasai, mama yake Mngbandi wa upande wa Ubangi. Angali mtoto, wazazi walivuka naye wakaja kukaa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mto huo aliuvuka mara nyingi katika maisha yake, na ndio uliomo ndani ya karibu kila kisa alichoandika.

Mapadri walimpeleka seminari ndogo ya Mbata-Kiela, huko Mayombe. Ni seminari ile ile alipopitia Joseph Kasa-Vubu, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi. Lomami hakufika kwenye upadri, lakini aliondoka na Kifaransa safi na mazoea ya kusoma. Aliporudi mjini aliandika katika La Croix du Congo, gazeti la Kikatoliki la Léopoldville. Kwa maneno mengine, kalamu yake ilizaliwa kanisani. Wakati huo, nje ya misheni, palikuwa na sehemu chache sana ambapo Mkongomani angeweza kuandika akasomwa.

Mwaka 1945 likaanza gazeti lingine, La Voix du Congolais, lililoandikwa na Wakongomani waliosoma lakini likiwa chini ya jicho la serikali ya kikoloni. Msimamizi wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba. Katika toleo la pili Lomami alitoa makala. Aliuliza wazi: vita vikiisha, sisi tuliosoma shule za Wazungu, lakini si Wazungu na si watu wa kijijini tena, nafasi yetu katika dunia ya kesho itakuwa wapi? Hakutukana mtu. Hakudai uhuru. Lakini wakubwa walikasirika, akaitwa, akahojiwa na kusumbuliwa.

Miaka mitatu baadaye, mtu yule yule anapewa zawadi ya kwanza Bruxelles. Nadhani sababu si ngumu kuiona. Swali la wazi lilimgusa mkubwa. Hadithi ya mamba ilionekana kwake kama masimulizi ya watu weusi ya jioni, haina hatari. Hapo wakubwa walikosea.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto wa Kinshasa, Musolinga, siku moja badala ya kuingia shuleni anateremka mtoni na wenzake kuoga. Mamba anamkamata. Lakini si mamba wa kawaida, ametumwa na mlozi, na mtoto anapelekwa kwenye kisiwa cha Mbamu ambapo walozi wanakusanyika kula watu. Baba yake, Munsemvola, anamtafuta mganga, anapanga safari na wenzake, wanaingia katika dunia ya pepo ili kumrudisha. Sharti la safari linavunjwa wakati ushindi uko karibu, na mtoto harudi nyumbani.

Msomaji wa Bukavu hahitaji kufafanuliwa hayo. Hapa kwetu nani hajasikia habari ya mtu aliyeliwa usiku na jirani? Kinachoshangaza ni kwamba mwanafunzi wa mapadri hakuandika ulozi kama ujinga wa kuchekwa, wala hakumalizia na katekista anayekuja kuwabatiza wote. Kijana wake yuko mjini, anasoma shule, baba ni mfanyakazi wa siku zile za Wabelgiji. Na papo hapo dunia ya pepo iko mlangoni. Lomami aliziacha dunia hizo mbili zisimame pamoja, jinsi Mkristo wa Léopoldville alivyoishi nazo, Jumapili kanisani na usiku kwenye hofu.

Ni lazima niseme pia kinachonisumbua katika kitabu hiki. Mlozi wake ni mama mzee. Katika riwaya hiyo ni sawa, kila hadithi ina adui wake. Lakini mwaka 2021, huku Kivu Kusini, hasa Kalehe na Kabare, akina mama wazee waliuawa na vijana, wengine kwa kuchomwa moto, kwa kusingiziwa ulozi, na mara nyingine jina la mama lilitolewa na watabiri wa kwenye maombi. Mtu akikisoma Ngando leo akiwa Kabare, hakisomi kama wale waamuzi wa Bruxelles. Sidhani kosa ni la Lomami, kwani yeye alionyesha hofu inavyomla mtu, na si mlozi peke yake anayekula. Ila mwalimu anayekifundisha afadhali asikimbie swali hilo.

Baada ya zawadi, Léopoldville haikuwa rahisi kwake. Akavuka mto tena kurudi Brazzaville, upande wa Wafaransa, na kuanzia 1950 akaongoza Liaison, gazeti la vyama vya utamaduni vya Afrika ya Ikweta. Kwa karibu miaka kumi gazeti hilo liliwapa nafasi ya kuandika vijana wa Brazzaville waliokuja kuwa waandishi. Alirudi Léopoldville mwaka 1959, uhuru ukiwa unagonga mlango.

Kuhusu vitabu, alikaa kimya muda mrefu. Kilichofuata Ngando, La Récompense de la cruauté, pamoja na kisa cha N'Gobila wa Mswata, kilitoka 1972 tu, Kinshasa, kwa Éditions du Mont Noir. Ni miaka 24 kati ya kitabu na kitabu! Tatizo halikuwa kalamu peke yake. Nani angechapisha? Katika nchi yetu miaka ile, nyumba za uchapishaji zilizokuwa na nguvu na njia ya kufikisha vitabu zilikuwa nyingi za makanisa. Zamenga Batukezanga, aliyesomwa kuliko wote, alichapisha kitabu chake Bandoki, yaani walozi, mwaka 1973 kwa Saint-Paul, nyumba ya Kikatoliki. Kwa hiyo jina la walozi lilikuwa juu ya jalada la kitabu kilichotoka kwa watu wa kanisa, na waamini walikinunua.

Lomami naye alifika huko. Mwaka 1981 riwaya yake Ngemena ilitolewa Yaoundé na CLE, nyumba iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti. Hiki si kitabu cha mapepo. Ni maisha ya Mkongomani msomi chini ya Wabelgiji, jinsi alivyodharauliwa kila siku. Lile swali la 1945, lililomletea taabu, hatimaye lilipata kitabu kizima, na waliolichapa ni Wakristo. Mwaka uliofuata Présence Africaine ikamrudisha Ngando kwa wasomaji, pamoja na visa vyake vingine.

Alikufa mwaka 1985. Kati ya karatasi alizoacha kulikuwa na riwaya nyingine, Ah! Mbongo. Ilitoka Paris mwaka 2007, miaka 22 baada ya kifo chake.