Edmund Morel, karani aliyesoma hesabu za meli za Kongo

Edmund Dene Morel hakuwa askari wala padri. Alikuwa karani wa kampuni ya meli. Lakini ni yeye alionyesha dunia kama biashara ya Kongo, ile mataifa yaliyoiandikia mapatano, haikuwa biashara hata kidogo.

Alizaliwa Paris mwaka wa 1873, baba Mufaransa, mama Mwingereza. Mwaka wa 1891 aliingia kazi Liverpool, katika Elder Dempster, kampuni iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Boma. Juu alijua Kifaransa, wakubwa walimutuma mara nyingi Ubelgiji.

Wakati ule Kongo ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mufalme wa Wabelgiji. Mapatano ya Berlin ya 1885 yalisema wazi: katika bonde la muto Kongo, mufanyabiashara wa inchi yoyote ana ruhusa ya kuuza na kununua, na hakuna mutu atapewa biashara peke yake. Hakuna Mukongomani aliyeketi kwenye meza ile. Kisha, tangu 1891, Leopold akatoa amri kama mupira wa pori na pembe za tembo ni mali ya serikali yake.

Pale bandarini Morel akalinganisha hesabu. Meli zilifika zimejaa mupira na pembe, mali ya bei kubwa. Zikirudi Kongo, zilibeba zaidi bunduki na risasi. Vitu vya kulipa wavunaji vilikuwa kidogo sana. Tena mupira ulioshushwa ulipita ule uliotangazwa na serikali. Kama watu wanatoa mali bila kulipwa, basi wanalazimishwa. Alimwambia mukubwa wake, Alfred Jones, ambaye alikuwa pia konsuli wa Kongo kule Liverpool. Hakuna kilichobadilika. Mwaka wa 1901 Morel akaacha kazi.

Mwaka wa 1903 alianzisha gazeti, West African Mail. Mwaka wa 1904, pamoja na Roger Casement, konsuli wa Uingereza aliyetembelea vijiji vya mupira, akaunda Congo Reform Association. Hesabu zake zikakutana na ushuhuda wa wamisionere na wa Wakongomani wenyewe. Chifu Lontulu aliweka vijiti 110 mbele ya tume ya uchunguzi, kila kijiti mutu wake mumoja aliyeuawa juu ya mupira. Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuachia Ubelgiji Kongo. Ukoloni wenyewe haukuisha.

Baadaye Morel alipigana na mapatano ya siri ya Ulaya, akafungwa gereza mwaka wa 1917, na mwaka wa 1922 akamushinda Churchill katika uchaguzi wa Dundee. Lakini mwaka wa 1920 aliandika maneno ya ubaguzi juu ya askari Waafrika wa Ufaransa waliokuwa Ujerumani. Doa hilo limebaki. Alikufa mwaka wa 1924.

Leo Kongo iko na amri ya 2011: mukataba wa madini, mafuta ao misitu unapaswa kutangazwa ndani ya siku 60. Mukaaji anayeishi karibu na mugodi anaweza kuusoma kama Morel alivyosoma karatasi za meli: nini kinatoka, nini kinaingia, na nani analipwa.