Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa misafara

Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Angali mtoto alikamatwa, akauzwa Kilwa, akapelekwa Gujarat, India. Huko akajifunza Kihindustani kwa njia ambayo hakuna mwanafunzi angeiomba. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja na jina jipya: Sidi, kama Wahindi walivyowaita Waafrika, na Bombay, jina la mji.

Mwaka 1857 alikuwa askari wa Sultani karibu na Pangani, ndipo Waingereza Burton na Speke walipomchukua. Burton alijua Kiarabu. Speke hakukijua, wala Kiswahili. Alikuwa na Kihindustani cha jeshini tu. Basi alichouliza Speke njiani kilipitia kinywani mwa Bombay.

Mwezi Agosti 1858 wawili hao walifika Nyanza, Burton akiwa amebaki Tabora. Speke akasema chanzo cha Nile ni hapo. Burton akakataa, na hoja yake mojawapo inatuhusu sisi tunaosomea ukalimani: kwamba Speke aliuliza kwa Kihindustani kibovu, Bombay akaelewa vibaya, akakosea tena katika Kiswahili, na aliyepokea Kiswahili hicho akakiharibu zaidi katika lugha ya wenyeji. Wakubwa wawili wamegombana, lawama imemfikia mkalimani! Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875, ilionekana Speke alikuwa na haki.

Hata hivyo Burton hakuwa amebuni tatizo. Mwaka 1862, mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda, maneno ya Speke yalipokewa na Bombay. Bombay, asiyejua Kiganda, akampa Nasib kwa Kiswahili. Nasib akayageuza Kiganda. Kisha ofisa wa ikulu ndiye aliyemwambia mfalme, maana adabu ilikataza mgeni kusema naye moja kwa moja. Kabla jibu halijarudi, Mutesa alikwisha kuhamia jambo lingine. Anayelalamika darasani kwamba msemaji anakwenda mbio, na amkumbuke Bombay.

Kazi yake haikuishia kwenye maneno. Alisimamia wapagazi, aligawa nguo na shanga, alipatanisha ugomvi. Safari hiyo hiyo Speke alimpiga ngumi mbele ya watu, kisha akaliandika mwenyewe kitabuni. Bombay hakuwa na mkataba kama ule ambao leo mhitimu wetu huudai kwa kampuni ya madini au shirika la misaada.

Mwaka 1871 alikuwa kiongozi wa watu wa Stanley hadi Ujiji, alipopatikana Livingstone. Miaka miwili baadaye akaondoka Bagamoyo na Cameron, na safari hii ndiyo iliyomleta kwetu: walipita Nyangwe, kisha wakakaa miezi mingi katika nchi ya mfalme wa Waluba, Kasongo Kalombo, kwenye jimbo la leo la Haut-Lomami. Mwisho wa 1875 walitokea pwani ya Angola.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha, na baadaye malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885. Hakuacha kitabu, karibu yote tunayoyajua juu yake yaliandikwa na waliomwajiri.