Harold Griffith: Tabibu Aliyegeuza Sumu Kuwa Dawa

Neno dawa katika Kiswahili hubeba maana mbili zinazokinzana: ipo dawa ya kikohozi na ipo dawa ya panya. Maisha ya Harold Randall Griffith yalipita katikati ya maana hizo mbili.

Griffith alizaliwa mjini Montreal, nchini Kanada, mwaka 1894, akiwa mwana wa daktari. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mbeba machela, na ushujaa wake katika mapigano ya Vimy ya mwaka 1917 ulimpatia nishani. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1922, kisha akajiunga na hospitali ya homiopathi alikohudumu babake, akazama katika kazi ya nusukaputi.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Ili misuli ya tumbo ilegee na mpasuaji apate nafasi, mgonjwa alivutishwa etha nyingi mno, hata uhai wake ukatiwa mashakani. Kupitisha mrija kooni hadi kwenye bomba la hewa nako kulihitaji usingizi mzito, maana asiyelala sawasawa hukaza taya na koo lake hujifunga.

Ufumbuzi ulitoka katika misitu ya Amazon, ambako wawindaji walipaka mishale yao sumu ya mimea iitwayo kurare. Sumu ya jadi ya mishale ya Wakamba na Wagiriama hushambulia moyo. Kurare, kama alivyobainisha Mfaransa Claude Bernard katika karne ya 19, hukata mawasiliano baina ya neva na misuli. Mnyama hulegea, moyo ukiwa bado unapiga, kisha hufa kwa kukosa pumzi.

Kampuni ya Squibb ilipotengeneza kurare iliyosafishwa, daktari wake, Lewis Wright, alimhimiza Griffith aijaribu. Griffith alisita, kwani nani angethubutu kumdunga mgonjwa sumu ya mishale? Hatimaye, tarehe 23 Januari 1942, yeye na msaidizi wake Enid Johnson walimdunga kijana mmoja, fundi wa mabomba, aliyekuwa akipasuliwa kidole tumbo. Misuli ya tumbo ililegea upesi, na kijana akapona. Mwaka huohuo walichapisha taarifa za wagonjwa 25, wote wakiwa wamesalimika.

Ujasiri huo haukuwa wa kubahatisha. Griffith alikuwa hodari wa kupitisha mrija, hivyo pumzi ya mgonjwa ikikatika angeweza kumpumulia mpaka dawa iishe nguvu. Bila ustadi huo, kurare ingebaki kuwa sumu.

Tangu hapo dawa ya kulegeza misuli na mrija vikawa pacha. Kuanzia mwaka 1951 suksametoni ililegeza misuli ndani ya dakika moja hivi. Kwa njia hiyo, mgonjwa wa dharura aliyeshiba aliweza kuwekewa mrija haraka, kabla chakula hakijapanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Kurare yenyewe ilizipisha dawa mpya, lakini mlango ilikuwa imekwisha kuufungua.

Mwaka 1955 Griffith alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa nusukaputi. Alifariki mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 90. Kila mgonjwa anayelegezwa misuli leo ili apitishiwe mrija anafaidi matunda ya siku ile ya Montreal.