Maisha ya Mwigizaji Bayume Mohamed Husen (1904–1944)

Mwanafunzi wa tamthilia hufunzwa mapema kutofautisha mwigizaji na mhusika. Mwigizaji ni mtu halisi, ilhali mhusika ni kiumbe cha mwandishi. Maisha ya Husen yanaonyesha madhara yanayompata mwigizaji anapopewa tu uhusika uliobuniwa na watu wasiouthamini utu wake.

Kuzaliwa na Utotoni

Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, nchi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Jina lake la awali lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Babake alikuwa Msudani na askari mwenye cheo katika jeshi la kikoloni. Husen alijifunza Kijerumani angali mdogo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alijiunga na jeshi hilo pamoja na babake. Alikuwa na umri wa miaka 10 tu. Vita hivyo si vigeni kwa msomaji wa Taita Taveta. Agosti mwaka huo, Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka wa 1915, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurudi kwao hadi 1936. Upande wa pili wa mpaka, mtoto Husen naye alikuwa akitumikia vita ambavyo havikuwa vyake. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanganyika, akatekwa na Waingereza.

Kuhamia Ujerumani

Baada ya vita, Husen alifanya kazi ya utumishi melini. Mwaka wa 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita ambao yeye na babake hawakuwa wamelipwa. Serikali iliyakataa madai yake kwa kisingizio kwamba yalikuwa yamechelewa. Hata hivyo, hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya kuhudumu katika jumba kubwa la burudani, na pia akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, ambako baadhi ya Wajerumani waliotarajia kwenda Afrika walijifunza lugha. Januari 1933 alimwoa mwanamke wa huko. Siku chache baadaye, Adolf Hitler alishika madaraka.

Uigizaji

Chini ya utawala wa Wanazi, Mwafrika alipata kazi kwa shida. Filamu zilikuwa mojawapo ya nafasi chache zilizosalia, kwa sababu watengenezaji wake walihitaji nyuso nyeusi za kutukuza ukoloni. Kati ya 1934 na 1941, Husen alionekana katika filamu zaidi ya 20. Aghalabu alikuwa mtumishi, mbeba mizigo au askari mtiifu. Hawa ndio wahusika bapa: hawabadiliki, hawana azma yao wenyewe, na kazi yao ni kumkweza bwana.

Uhusika wake mkubwa zaidi ulikuwa katika filamu ya Carl Peters ya mwaka wa 1941. Humo Peters anasawiriwa kama shujaa. Kinaya ni kwamba Peters halisi alijulikana kwa jina la Mkono wa Damu. Alipokuwa Kilimanjaro, mlima unaoonekana kutoka Taveta, aliamuru kunyongwa kwa Waafrika wawili waliomtumikia, na mwaka wa 1897 serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi. Husen aliigiza kama mtu mwaminifu kwa bwana huyo.

Kifo

Uaminifu wake mwenyewe haukumwokoa. Aliwahi kuomba nishani ya askari wa vita akanyimwa, na alipojitolea kuingia jeshini mwaka wa 1939 alikataliwa. Mwaka wa 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka wa 2007, jiwe dogo la ukumbusho liliwekwa jijini Berlin mbele ya makazi yake ya zamani.

Umuhimu kwa Mwanafunzi

Mlinganishe Husen na Sembène Ousmane wa Senegal. Ousmane pia alikuwa askari wa jeshi la mkoloni, kisha mhamiaji Ulaya akifanya kazi bandarini Marseille. Tofauti ni kwamba Ousmane alishika kalamu, na baadaye akashika kamera, akatengeneza filamu zake mwenyewe kuanzia miaka ya 1960. Waafrika wake wana majina, hasira na maamuzi. Husen alikuwa na kipaji, lakini hadithi ilimilikiwa na wengine. Kwa hivyo, usomapo tamthilia usiulize tu mhusika anasema nini. Uliza pia ni nani aliyemwekea maneno hayo kinywani, na kwa manufaa ya nani.

Maswali ya Marudio

1. Eleza kinaya kinachojitokeza katika uigizaji wa Husen wa mwaka wa 1941.
2. Taja mambo mawili yanayohusisha maisha ya Husen na yale ya watu wa Kasigau.
3. Teua mhusika bapa katika tamthilia unayoisoma. Jadili anavyomkweza mhusika mwingine.